Kiwiko cha Kanisa la Lukanda

Mmekuja kulitazama kanisa letu, na naona mmekwisha kushangaa. Makanisa mengine yamenyooka. Hili limepinda katikati kama mkono uliokunjwa. Altare haiko mwisho wa nyumba bali kwenye kiwiko, chini ya mnara, na milango mikubwa ni miwili. Wageni wengi hudhani ni mtindo wa Ulaya. Sivyo. Jina lake ni Kanisa la Mtakatifu Anna, Lukanda, na lilipinda hapahapa.

Zamani hizo bega hili la mlima lilikuwa na nyasi tupu. Kwenye mlima wa mashariki waliishi watu wa Lihongwa, kwenye wa magharibi watu wa Mkalole, na kati yao kilipita kijito cha Lukanda. Walioana, walizikana, lakini hawakuacha kushindana. Wa huku wakilima mlima mzima, wa kule walilima hadi jiwe la juu kabisa.

Padre Wunibald, aliyekuwa mkuu wa misheni, aliona afadhali ushindani huo ujenge kanisa. Akavuta kamba kutoka mashariki hadi magharibi, akapiga vigingi. Watu wa Lihongwa waanze upande wa altare, wa Mkalole upande wa mlango, wakutane katikati. Kisha akashikwa na homa, akapelekwa hospitali ya mbali. Bruda Gebhard, fundi mkuu, alikuwa msituni akipasua mbao za paa. Kamba ikabaki na wenyeji.

Mawe yalipanda kutoka kijitoni vichwani mwa wanawake, na matusi ya utani yakapanda nayo. Wa Lihongwa walisema kwamba hata mbwa naye hukaa mlangoni. Wa Mkalole walijibu kwamba mwenye mlango ndiye anayeamua nani aingie. Maneno hayo yaliwachoma wote. Basi wazee wa Mkalole walisogeza vigingi vyao kidogo, ili mlango uangalie mlima wao. Wa Lihongwa nao, bila kujua hayo, walisogeza vyao, ili dirisha la altare liangalie mlima wao. Kila upande ulijiona mjanja peke yake. Kuta zilipopita kichwa cha mtu mrefu na kukaribiana, ndipo ilipoonekana kwamba haziendi mahali pamoja.

Padre aliporudi alitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Bruda Gebhard, aliyekuwa ametoka msituni, alisema hakuna paa linaloweza kulala juu ya kuta za namna ile, na kwamba nusu moja ibomolewe. Padre akatangaza kwamba baada ya Misa ya Jumapili ataitaja nusu hiyo.

Hapo utani ukaisha. Mkuu wa wajenzi wa Mkalole alikuwa Mzee Tadei Ndunguru; wa Lihongwa alikuwa Mzee Bruno Kapinga. Hawa walikuwa wakwe. Osmunda, binti wa Bruno, alikuwa ameolewa na Kosmas, mwana wa Tadei, naye alikuwa akimnyonyesha mtoto wao wa kwanza, Rainalda. Mzee Bruno alituma neno ng'ambo ya kijito: ukuta wa Lihongwa ukiangushwa, Osmunda atarudi kwao. Mzee Tadei alijibu kwamba arudi akipenda, lakini mtoto ni wa Mkalole na hatavuka maji.

Osmunda alikuwa amebeba mawe ya pande zote mbili: ya Lihongwa kwa kuwa ni binti yao, ya Mkalole kwa kuwa ni mke wao. Hakuna aliyemwuliza neno.

Jumapili ile kila upande ulisimama ndani ya nusu yake, nyundo chini. Padre alipokuwa akijiandaa kusema, Osmunda alimfunga Rainalda mgongoni, akaenda kusimama penye pengo ambapo kuta zilikosana.

"Baba, unaniona?" alimwuliza Mzee Bruno.

"Nakuona."

"Na Mzee Tadei, unamwona?"

"Simwoni. Ukuta umemficha."

Akageuka magharibi. "Na wewe, baba?"

"Nakuona, mama," akasema Mzee Tadei. "Wewe na mjukuu wangu."

"Na baba yangu?"

"Huyo simwoni, wala simtafuti."

Watu wakacheka, ingawa hawakutaka.

"Basi mnaonana kwangu tu," akasema Osmunda. "Padre, weka altare hapa niliposimama, na ukuta wa mtu usiguswe."

Padre alimtazama Bruda. Bruda alikwenda pengoni, akaangalia mashariki, akaangalia magharibi. Mwishowe akasema kwamba mnara ukisimama pale, mapaa mawili yanaweza kuuegemea, na madirisha yake yatamwaga mwanga juu ya altare.

Ilibidi watu wa Lihongwa watoboe mlango upande wao. Mzee Tadei alimpigia kelele mkwewe kwamba sasa naye anakaa mlangoni. Mzee Bruno alicheka hadi akaketi juu ya mawe. Lakini pimeni mlango wa mashariki: ni mpana kidogo kuliko wa magharibi. Hakukubali ulingane.

Mnara ulipanda kabla ya masika. Bruda alichora Bikira Maria kwa mkaa juu ya altare, mikono imenyooshwa huku na huku, na wanawake wa milima yote miwili wakampaka rangi kwa udongo mwekundu na mweupe wanaopakia nyumba zao. Rainalda alibatizwa chini yake siku kanisa lilipobarikiwa, akishikwa na babu zake wote wawili, kila mmoja akikataa kumwachia mwenzake. Vigelegele viliingia kwa milango miwili vikakutana mnarani, na wazee wetu walisema mlima ulijibu.

Ndiyo sababu, kuanzia siku ile mpaka leo, bibi harusi wa Lukanda huingia kwa mlango wa kwao na kutoka kwa mlango wa mumewe. Njiani husimama kwenye kiwiko, nasi hatuanzi wimbo mpaka pande zote mbili zimjibu kwamba zinamwona.