Bei ya Nje ya Lango

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika viunga vya mji wa Wasit, nchini Iraki, aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Rayhana, mkulima wa mabiringanya. Kila alfajiri alijitwika kapu lake hadi lango la mji, na hapo alimkuta mchuuzi Sabiq bin Harith, mtu wa swafu ya kwanza msikitini, tasbihi haimtoki mkononi.

"Mama, soko limekufa," Sabiq humwambia. "Yanaoza huko ndani. Chukua dirhamu moja kwa kapu zima, nakuhurumia tu." Naye humwamini, akarudi zake.

Mwaka ule dirhamu hizo hazikutosha hata mbegu. Asubuhi moja, akiisha kumuuzia Sabiq, akaingia mjini kutafuta wa kumuuzia shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Looh! Akayakuta mabiringanya yake yale yale mbele ya Sabiq, watu wanayagombea. Matatu kwa dirhamu!

Damu ikamchemka. "Sabiq! Ndilo soko lililokufa hili?"

"Mama, biashara ni maridhiano. Si uliridhia?"

"Niliridhia uongo wako, hata leo nimekuja kuuza shamba langu! Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza kuwalaki wenye mizigo nje ya soko, na muuzaji akifika ana hiari ya kuvunja mauzo." Akafungua fundo la ushungi. "Dirhamu yako hii. Nipe kilichobaki, nauza mwenyewe."

Watu wakaanza kukusanyika. Sabiq akamvuta pembeni, akamtia mkononi mfuko wa fedha. "Shamba lako limepona, Mama. Ila wakulima wenzako walioko langoni usiwaambie kitu."

Bibi Rayhana aliushika mfuko ule. Alilipenda shamba lile. Kisha akaubwaga chini.

"Huna haya wewe! Umenidhulumu mimi, sasa wataka nikusaidie kuwadhulumu wenzangu?"

Akatoka moja kwa moja hadi langoni, akapaza sauti, akawatajia wakulima bei ya soko. Siku ile wakaingia wote na mizigo yao, na shamba hakuliuza tena.

Jioni Sabiq akamfuata, analia. "Nisamehe, Mama. Naiogopa dua yako."

"Langu nimekusamehe kwa ajili ya Allah," akajibu, na hasira bado haijamtoka. "La wenzangu kaliombe mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

Ndugu zangu, dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele ya Mola. Wewe unayemnyonya mkulima alfajiri, kisha ukaiwahi swafu ya kwanza adhuhuri, ukisujudu pale unamwambia nini Mola wako?