Kitabu Kilichokaa Rafu ya Mapepo

Ndugu zangu, wekeni Biblia pembeni kidogo. Kina mama wenye watoto wanaolia, msitoke nje, nitapaza sauti. Leo nina mfano mmoja tu, na wala si wa kufurahisha.

Kulikuwa na maktaba katika mji mmoja mdogo wa milimani, na ndani yake mkutubi, mwanamke mchapakazi, mcha Mungu kama ninyi. Siku moja akaletewa maboksi ya vitabu vya msaada. Sasa, mkutubi hapangi vitabu kwa rangi wala kwa unene. Anashika kila kitabu anajiuliza: hiki kinahusu nini? Kilimo? Sheria? Dini? Akishaamua, anakipa namba, anaibandika mgongoni mwa kitabu, anaandika kadi na kuitia kwenye droo ya mada hiyo, halafu anakipeleka rafuni. Na lazima aamue, maana kitabu ni kimoja, hakiwezi kukaa rafu mbili.

Akafikia kitabu chembamba kilichoitwa Ndugu Yako Anapoanguka. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya mtu amelala chini, na watu wamemzunguka kwa mbali. Akasoma sura ya kwanza. Ilieleza jinsi pepo linavyomkamata mtu, linavyomtupa chini na kumtoa povu. Maboksi yalikuwa bado mengi. Akakifunga, akakipa namba ya mapepo na uchawi, akakisimamisha huko. Angefungua sura ya pili, angekuta mwandishi anasema: hayo ndiyo watu wanayoamini, nayo si kweli, huu ni ugonjwa, unaitwa kifafa, na una dawa. Lakini hakufika sura ya pili. Nani kati yetu angefika?

Basi, katika kijiji kimoja mbali na mji huo aliishi mchoma matofali na mke wake. Huyu mke nitampa jina, kwa sababu kijijini walikuwa wameacha kumwita kwa jina. Aliitwa Atuganile. Wao walimwita "yule wa kuanguka." Akipeleka mboga sokoni, zinarudi zimenyauka. Akianguka, watu wanakimbia, maana waliamini ukigusa povu lake pepo linahamia kwako. Kanisani walimwombea mpaka sauti zikakauka. Alipoanguka tena, wakasema hana imani.

Mumewe peke yake alikataa. Alitaka kumpeleka hospitali ya mkoa, lakini wajomba wa mke wakamzuia. Walisema sindano hulikasirisha pepo, mtoto wao atafia mikononi mwa madaktari. Akabishana nao, akashindwa. Mwisho akawaza: nikipata kitu kilichoandikwa, nikawasomea mbele ya watu, watanisikia. Akavaa shati lake la ibada, akaenda mjini kwa miguu, na kijiji kizima kilijua anafuata kitabu.

"Dada, pole kwa kazi," alimwambia mkutubi. "Natafuta kitabu cha ugonjwa wa mtu kuanguka na kutetemeka."

Mkutubi akavuta droo ya magonjwa, akapekua kadi. Malaria. Kipindupindu. Kifua kikuu. Utapiamlo. Akapekua tena kuanzia mwanzo.

"Kaka, hapa sikioni." Alimtazama, akamwonea huruma. "Labda ujaribu rafu ile ya pembeni, ya mapepo."

Mwanamume akatikisa kichwa. "Neno hilo ndilo lililonitoa nyumbani, dada. Mke wangu hana pepo. Kitabu cha rafu ile sikitaki hata kukishika."

"Basi pole, kaka."

Akatoka. Njia ya kwenda mlangoni ilipita ubavuni mwa rafu ileile. Bega lake lilikaribia kuvigusa vile vitabu.

Haukupita muda mrefu, Atuganile alikuwa mtoni na wanawake wenzake wakifua. Yeye alifulia chini kidogo, kama walivyomzoeza. Akaanguka kifudifudi majini. Aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni Mama Lusajo, jirani yake, aliyepata kipaimara pamoja naye. Mama Lusajo alinyoosha mkono. Akaona povu. Akaurudisha.

"Mwiteni mumewe!" alipiga kelele. "Jamani, mwiteni mumewe!"

Wakakimbia kumwita. Mume akaja mbio kutoka kwenye tanuri, mikono imejaa udongo, akaingia mtoni na viatu vyake, akamtoa. Alikuwa ameshakufa.

Maji yenyewe hayakufika magotini. Mnanisikia? Hayakufika magotini. Na ukingoni walisimama wanawake wazima, wenye nguvu, kila mmoja na nguo aliyokuwa anaikamua.

Baada ya mazishi, Mama Lusajo akaingiwa na hofu. Alijiambia: pepo la yule limekosa nyumba, na mimi ndiye niliyekuwa karibu, litakuja kwangu. Kila akisikia kizunguzungu kidogo alidhani limefika. Naye akaenda mjini, kwenye maktaba ileile.

"Nataka kitabu cha kufukuza pepo," alisema. Mkutubi akamwelekeza moja kwa moja kwenye rafu, maana hicho kilikuwa na rafu yake.

Akachukua kile chembamba kwa sababu ya picha. Akasoma amesimama. Sura ya kwanza aliitikia kwa kichwa, yote aliyajua. Akafungua ya pili. Ikasema: povu lake haliwezi kukuambukiza. Akiangukia motoni au majini, mtoe upesi. Mlaze ubavu. Kaa naye mpaka aamke.

Mama Lusajo akaketi sakafuni, katikati ya watu wanaosoma, akalia bila kujiziba mdomo.

Akakiazima, akakipeleka kwa mchoma matofali. Alimkuta amekaa tu, tanuri limepoa. "Shemeji," alisema, "kitabu ulichokuwa unakitafuta ni hiki."

Mwanamume akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika pale pa maji akainua uso.

"Kilikuwa wapi?"

"Rafu ya mapepo."

Akakifunga kile kitabu. Kisha akasema, "Kumbe ningeamini kama ninyi, ningekipata." Akamrudishia mikononi. "Kirudishe. Mimi sina tena wa kumsomea."

Kikarudishwa. Mkutubi aliposikia habari ile alibandua namba yake ya zamani kwa kucha, akaandika nyingine, akachana kadi, akakihamishia kwenye magonjwa. Kipo huko mpaka leo, mahali pake hasa.

Haya. Mnataka tumtafute aliyemuua Atuganile? Mkutubi? Yeye aliandika neno ambalo kila mmoja wetu angeandika. Ile sura ya kwanza iliyompoteza ilitoka wapi? Ilitoka vinywani mwetu. Sisi ndio tulioamua yule mama ni mtu wa namna gani, tukamaliza, tukafunga. Na tukishaamua hivyo, hata msaada wake ukiletwa mlangoni tunautupa hukohuko tulikomtupa yeye. Yule ni mlevi. Yule ni tasa. Yule ni mgonjwa wa ule ugonjwa. Bibi yule wa macho mekundu, mnajua tunavyomwita. Nani kati yetu amewahi kumsikiliza mmoja wao mpaka mwisho?

Mnaniangalia kama vile nasema habari za kijiji cha mbali. Jumapili iliyopita, wimbo wa pili, msichana mmoja alianguka hapa ndani. Pale, upande wa dirisha. Mama yake alimshika peke yake. Benchi zima lilihama, na waliokuwa wamebeba watoto waliwafunika nyuso. Mfano nilioutoa nimeutunga. Hili sikulitunga.

Leo hawapo. Nimewatafuta kwa macho tangu tulipoanza kuimba, hawapo, wala hakuna aliyeniuliza walipo.

Kwa kawaida, hapa ndipo mhubiri anapowapa watu neno la kwenda nalo nyumbani kwa furaha. Nimelitafuta wiki nzima, sikulipata. Nyumba yao mnaijua, ni ile iliyo nyuma ya mashine ya kusaga. Sitatoa baraka hapa. Nakwenda huko sasa hivi, na kama nitakwenda peke yangu, nitajua nimehubiria nani.