Moshi Haumshibishi Mpishi

“Moshi haumshibishi mpishi.” Methali hii mnaiona kama neno la jikoni tu, wajukuu zangu, ndiyo maana mnapopanga chakula cha arusi mnaniambia wapishi wasihesabiwe, eti wataonja. Basi wekeni kalamu chini. Methali hii ina mahali ilipozaliwa, nami nilikuwapo.

Ulikuwa mwaka wa njaa, huku kwetu Uzigua. Mahindi ya msaada yalifika, na wazee wa vijiji vinne wakaitana kwetu kwa kikao cha siku tatu, wakubaliane namna ya kuyagawa. Chakula cha kikao alikabidhiwa Mzee Mhando, na kwa kupanga hakuwa na mfano. Kila mgeni alimwekea punje ya haragwe ndani ya kibuyu, punje moja sahani moja, jumla arobaini. Alijua nani hana meno apikiwe uji, nani hali maharage, nani hanywi chai ila ya tangawizi. Watu walimsifu mpaka akavimba kichwa.

Mpishi alikuwa mjane mmoja, jina lake Mnyamisi, na mimi mpakuaji. Nyumbani kwake alimwacha mama mkwe wake, kikongwe aliyelala kitandani kwa njaa. Siku zile aliyepewa sahani kwenye kikao aliruhusiwa kuifunika na kwenda nayo kwake. Mnyamisi alikubali kupika kwa ajili ya sahani hiyo tu, wala hakuficha.

Siku ya kwanza nilipakua mpaka sufuria zikaisha. Mnyamisi akapangusa mikono, akamwendea Mhando.

“Baba, sahani yangu sijaiona.”

“Mpishi na sahani wapi na wapi?” Mhando akajibu. “Mpishi hushiba moshi, mwanangu. Tena umeonja tangu asubuhi.”

Wazee wakacheka. Mimi pia nilicheka. Na kuonja kwenyewe nilikuona: tone la mchuzi kwenye kiganja, basi.

“Nipe hata ukoko, nimpelekee mama.”

“Ukoko nimewapangia mbwa wanaolinda ghala. Wakilala na njaa, tutaibiwa sote.”

Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza mbona hakuficha tonge kwenye kanga. Akanitazama kwa hasira. “Mwaka kama huu niitwe mwizi? Nani atanipikisha tena?” Siku ya pili mambo yakawa yale yale, ila hakuomba tena. Alisimama tu karibu na mafiga, akingoja Mhando ainue macho. Mhando alikuwa anahesabu punje zake.

Siku ya tatu wazee waliamka wakakuta meko baridi. Mhando akaja juu, akaniambia nimfuate tukamwamshe mvivu. Tulimkuta Mnyamisi ameketi chini, mama mkwe wake amefunikwa shuka mpaka usoni.

Mhando alivua kofia. “Pole, mwanangu. Lakini mbona hukusema?”

“Nilisema, baba. Mkacheka.”

Mnyamisi aliendelea, bila kupandisha sauti.

“Kila nikirudi alinivuta kanga, akanusa. ‘Leo mmepika maharage,’ ananiambia. ‘Yangu yako wapi?’ Siku mbili nimemletea moshi. Moshi haumshibishi mpishi, baba, sembuse mgonjwa wake.”

Matangani Mhando alipeleka sahani ya kwanza kwa Mnyamisi, imejaa, kaishika kwa mikono miwili. Mnyamisi aliipokea kwa adabu, akaiweka chini, akaenda kuchochea moto. Ile sahani ilipoa pale pale, na njaa yote ile, hakuna aliyethubutu kuigusa. Mwezi haukuisha Mnyamisi akahama, na mpaka leo sijui aliishia wapi.

Watu wakaanza kulitaja neno lake kila walipoona mtumishi amesahauliwa na wale anaowatumikia. Wengi wakilitaja humlaumu Mhando, na ni haki yake, alipanga mpaka tumbo la mbwa. Lakini Mhando alikuwa mbali na sufuria. Aliyeshika upawa nilikuwa mimi. Sahani arobaini nilizijaza kwa mkono huu, siku mbili, na Mnyamisi amesimama ubavuni mwangu, na kwa kila sahani ningeweza kupunguza kijiko kimoja, yake ikapatikana. Sikupunguza. Nilijua, wajukuu zangu, na njaa yake niliisikia ikinguruma tumboni mwake.

Moshi haumshibishi mpishi.