Glasi Iliyoonjwa

Isome hadi mwisho ndipo umtumie mwenzako.

Hoteli moja huko Marangu ilitafuta mtu wa kusimamia kaunta ya vinywaji. Meneja, Bi. Honorata, mgeni kutoka Dar, alitoa mtihani mmoja tu: kila mwombaji atengeneze kinywaji cha kahawa chenye kilevi, kwa vitu alivyoleta kutoka nyumbani.

Walibaki wawili. Godlove alikuwa kijana aliyesomea kazi ya baa. Aikaeli alikuwa mama wa makamo aliyefua mashuka ya hoteli hiyohiyo kwa miaka tisa, mpaka mgongo ukakataa. Daktari alishamwambia wazi kwamba akiendelea kuinama, mwakani hatasimama. Asipopata kaunta, basi hana kazi tena.

Godlove alikuja na chupa tatu za vileo vya ng'ambo, kahawa, krimu, limau na unga wa chokoleti wa kunyunyiza juu. Glasi yake ilipendeza hadi wahudumu wakaipiga picha.

Aikaeli hakuwa na ubavu huo. Alikuwa amekaanga kahawa ya shambani kwake, akaitwanga, akaichemsha nzito kwa tangawizi na kuiacha ipoe. Akaichanganya na mbege, ile pombe ya ndizi ya kwao, na asali kidogo, akaitikisa ndani ya chupa ya jemu. Maskini hatupi chupa, jamani.

Akamimina. Akapiga funda moja, kisha akamkabidhi meneja glasi kwa mikono miwili.

Bi. Honorata akarudi nyuma. "Mama, unanipa makombo?"

Wahudumu wakacheka. Godlove akacheka kuliko wote.

Aikaeli alitamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, bosi. Ni mazoea. Kwetu humpi mtu mbege kabla hujaionja mbele yake. Akuone umekunywa, ajue humtakii mabaya."

Meneja akamgeukia Godlove. Kisha akaisogeza glasi ya Godlove kwa mwenyewe.

"Haya, na wewe onja yako."

"Mimi, madamu? Hii nimekutengenezea wewe."

"Onja."

Godlove akanywa, akakunja uso, akakimbilia sinki kutema. Limau lilikuwa limeigandisha krimu, na chini ya ile chokoleti nzuri kulijaa mabonge machachu. Kijana alipima kila kitu kwa kijiko, ila hakuonja hata mara moja.

Bi. Honorata hakuomba glasi nyingine. Aliichukua ileile yenye alama ya midomo ya Aikaeli, akainywa mpaka likabaki povu.

"Kesho uje kaunta, mama," akasema.

Aikaeli alilia palepale mbele ya watu, na mimi simlaumu.

Kama unamjua mtu anayewamiminia wengine asichoweza kukinywa, mtumie hii. Kama ni wewe, isome tena.

Funzo: Usimpe mwenzako kitu ambacho wewe mwenyewe hujathubutu kukionja.