Digidigi Aliyeomba Kusindikizwa

Hadithi inabisha hodi!

— Ifungulieni mlango!

Imekuja kwa miguu!

— Ikaribie mkekani!

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekaa kule nyuma na kitumbua mkononi, kitafune kabisa kabla sijaanza, maana hadithi ya leo itakukaba nacho kooni. Umemeza? Vizuri.

Zamani, zamani kweli kweli, wakati wanyama wote walikuwa majirani na wakikaribishana chai, palikuwa na mji uliouzunguka mlima. Nyumba huku, nyumba kule, mlima katikati. Ukipiga kelele upande huu, wa upande ule hasikii kitu. Ndiyo maana mji ule ulikuwa na mpiga mbiu, mwenye kuuzunguka mlima na pembe yake, mlango kwa mlango, akiwapa watu habari.

Mpiga mbiu huyo alikuwa Digidigi. Kazi aliirithi kwa mama yake, na pembe aliirithi kwa mama yake, imezungushiwa ushanga mwekundu mdomoni. Digidigi alikuwa mdogo, mwepesi, miguu myembamba kama vijiti vya mishikaki. Alitoka umande ungali majanini, na jua likichomoza amekwisha zunguka, amerudi, anawapikia wanawe uji wa mtama. Na akiipuliza pembe ile, kifua kinajaa, sauti inatoka, mpaka waliolala fofofo wanakaa kitako.

Mji ukampenda sana. Na mji ukikupenda hukupa nini? Hukupa kazi! Kukiwa na kikao cha harusi, mwiteni Digidigi. Kukiwa na kikao cha mazishi, mwiteni Digidigi. Kukiwa na kikao cha kupanga vikao, Digidigi yuko wapi? Shamba lake lenye mchicha na kunde likaota magugu, maana mwenyewe haonekani.

Tena mji ule ulikuwa na desturi yake. Mpiga mbiu hatoki mlangoni kwa mtu bila kutia kitu kinywani. Zamani kilikuwa kitu kidogo tu, kipande cha muhogo, konzi ya zambarau. Lakini kila walivyozidi kumpenda, sahani nazo zikazidi kujaa. Kwa Kima, chapati. Kwa Nguruwe, kaimati zinaogelea kwenye shira. Kwa Kanga, wali wa nazi na ukoko wake. Kukataa? Thubutu! Ukikataa chakula cha mtu mji ule, umemtukana yeye na chungu chake.

Basi Digidigi akala. Akala kwa heshima, akala kwa haraka, akala kwa uchovu. Kila usiku alijitazama tumbo, akasema, "Kesho naanza. Kesho nakula majani yangu, kesho nakimbia kama zamani." Kesho ikafika, ikamkuta kikaoni na andazi mdomoni, ikajipitia zake.

Miguu ikawa mizito. Akawa anamwomba Punda ambebe. Na pembe ya mama yake, akiipuliza, ilitoa mlio wa mbuzi mwenye mafua.

Siku moja Mama Tembo, mkuu wa mji, aliona wingu jeusi likija nyuma ya mlima. Akamwambia Digidigi, "Mbio, mwanangu! Kanga ameanika ufuta wake. Mwambie aanue!"

Digidigi akatoka. Alikwenda kidogo, akapumzika. Akapita kwa Kima, akala chapati, akapumzika. Akapita kwa Nguruwe, akala kaimati, akapumzika. Alipofika kwa Kanga, mvua ilikuwa imekwisha fika. Kanga amesimama uani, na ufuta wa msimu mzima unaelea, unakwenda zake mtaroni.

Kanga hakumgombeza. Alimtazama tu, akasema, "Karibu, Digidigi. Umelowa. Ingia nikupakulie."

Lo! Digidigi alilia, jamani. Afadhali angetukanwa.

Mama Tembo akaita mkutano. Akasema, "Digidigi, nakupenda kama nilivyompenda mama yako. Lakini habari ikifika baada ya mvua, hiyo si habari tena."

Fisi akasimama pale pale, mate yakimtoka. "Mama, miguu ninayo. Nipe mimi hiyo pembe."

Mnadhani Fisi aliupenda mji? Fisi alikuwa amepiga hesabu zake. Mpiga mbiu analishwa kila mlango!

Mama Tembo akafikiri, akakata shauri. "Mavuno yakiisha tutapiga ngoma. Asubuhi ya ngoma nyinyi wawili mtauzunguka mlima, huyu akipita kulia na huyu kushoto, mkiwaita watu uwanjani, mlango kwa mlango. Atakayetangulia kurudi, pembe ni yake."

Digidigi akaikumbatia pembe njia nzima hadi nyumbani. Usiku ule hakusema kesho. Alisema, "Siwezi kumwachia Fisi pembe ya mama. Siwezi!"

Akafanya jaribio la kwanza. Aliamka akaapa kutokula kitu. Akapita na habari zake, tumbo tupu, maji matupu, kichwa kinazunguka. Alipofika kwa Kobe, alifungua mdomo aseme hodi, akaanguka chali. Kobe akampepea kwa kipepeo cha jikoni. "Wewe mtoto! Hata mimi nisiye na haraka, asubuhi nakula. Unataka kukimbia kwa upepo?"

Jioni Fisi akaja na sinia la halua. "Nimesikia umeanguka, dada yangu. Kula upate nguvu." Na Digidigi, kwa njaa aliyokuwa nayo, akalisafisha sinia. Fisi akarudi kwake anacheka njia nzima, hii-hii-hii!

Akafanya jaribio la pili. "Nitakimbia," akasema. "Mbio zote nilizoziacha nitazikimbia leo." Akapanda mlima, akashuka. Akapanda, akashuka. Akapanda, na kushuka akashuka kwa makalio, maana miguu iligoma. Alilala kitandani magoti yamevimba, na habari za mji zikalala naye. Harusi moja ilikwenda bila wageni, bwana harusi akacheza peke yake.

Jioni Fisi akaja na mkate wa kumimina. "Pole, dada yangu. Kula upate nguvu." Digidigi akala nusu, machozi yakidondoka juu ya nusu ya pili. Aliona kazi haipungui, sahani hazipungui, na siku ya ngoma inakuja.

Alipoweza kusimama, alikwenda kumpa habari Nungunungu. Mnamjua Nungunungu? Huyo bibi akianza kusema, miiba yake inacheza, chaka-chaka-chaka, na hadithi zake hazina mwisho. Siku ile alikuwa na kisa cha wifi yake aliyegombana na mkwewe kwa sababu ya kinu. Akasimulia, akasimulia, akasahau hata kupakua. Digidigi akaaga.

"Ngoja nikusindikize," akasema Nungunungu, "maana bado sijafika pale mchi ulipovunjika!"

Wakatoka pamoja. Chaka-chaka-chaka, wifi akasema hivi. Chaka-chaka-chaka, mkwe akajibu vile. Mchi ulipovunjika, Digidigi akainua macho. Kumbe wako kwa Kobe! Wamekwisha pita kwa Kima, wamekwisha pita kwa Nguruwe, habari zimetolewa mlangoni, na magoti hayajauma. Amecheka tu.

Digidigi akasimama katikati ya njia. Desturi ya mji inasema mgeni alishwe. Sawa. Lakini mji ule una desturi nyingine, kubwa kama hiyo, nayo ni kumsindikiza mgeni anapoondoka. Na hakuna aliyewahi kutukanwa kwa kuombwa amsindikize mtu!

Kuanzia hapo, kila mlango alioubisha, akitolewa sahani, alishika kifua kwa adabu akasema, "Ahsante sana, jirani. Nipe maji na jani la mchicha, ili chungu chako nikiheshimu. Hicho kingine nilipe kwa miguu. Nisindikize." Kisha akaimba, nanyi itikieni:

Nisindikize, twende,
— Chakula kikae!
Nisindikize, twende,
— Mguu ukomae!

Mwanzoni walishangaa. Kima akamsindikiza hadi kwa Nguruwe, Nguruwe akamsindikiza hadi kwa Kanga, anahema, analalamika, lakini anakwenda. Na Kanga, yule wa ufuta, ndiye aliyekuwa na mwendo mzuri kuliko wote. Njiani wakazungumza. Mambo ambayo zamani yangehitaji kikao yakaisha njiani, vikao vikapungua, na Digidigi akapata nafasi ya kurudi shambani. Akang'oa magugu. Mchicha ukachipua, kunde zikatambaa, na wanawe wakaanza kunywa tena uji wa mtama wa mama yao. Akipata siku mbaya akala kaimati, hakujipiga. Kesho yake alisindikizwa vile vile.

Fisi akaona mambo yanamgeuka. Akaja jioni na sinia kubwa kuliko yote, vitumbua, viazi karai, halua juu. "Kula dada yangu, upate nguvu."

Digidigi akatabasamu. "Ahsante, kaka. Lichukue hivyo hivyo, ulirudishe nyumbani. Njoo nikusindikize."

Fisi akabeba sinia lake kichwani, anapanda na kushuka, ulimi nje, na Digidigi pembeni yake anaimba. Hakuleta tena.

Ngoma ikafika. Asubuhi ile kila nyumba ilipika, moshi wa mapishi ukauzunguka mlima wote. Mama Tembo akaweka pembe juu ya kigoda uwanjani. "Nendeni!"

Fisi akachomoka kama jiwe la manati, akashika kulia. Mbio gani zile! Akafika nyumba ya kwanza, akasema, "Ngoma leo!" Wakamwambia karibu uonje. Akaonja sufuria. Akafika nyumba ya pili, "Ngoma leo!" Karibu uonje. Akaonja sufuria mbili. Akafika nyumba ya tatu, hata ngoma hakuitaja. Aliona chungu cha pilau, akaingiza kichwa ndani aonje vizuri, akaonja mpaka chini kabisa, na pale pale, kichwa chunguni, akalala fofofo, chungu kimemziba masikio.

Digidigi akashika kushoto. Hakuchomoka, alianza taratibu, akakolea. Akafika kwa Nungunungu, "Ngoma leo! Nisindikize!" Chaka-chaka-chaka, wakatoka. Akafika kwa Kima, akafika kwa Nguruwe, akafika kwa Kanga. Kila nyumba watu walimsindikiza, na siku ile hakuna aliyerudi nyuma. Hata Kobe alitoka, akapandishwa mgongoni kwa Punda ili naye aone mwisho wa mbio.

Mama Tembo aliyekuwa amekaa uwanjani akasikia kitu nyuma ya mlima. Kwanza kama nyuki. Kisha wimbo:

Nisindikize, twende,
— Chakula kikae!
Nisindikize, twende,
— Mguu ukomae!

Kona ikakatwa, na mji mzima ukatokeza, vumbi juu, watoto mbele wanaruka, Nguruwe anakata kiuno, na mbele ya wote kamnyama kadogo kenye miguu ya mishikaki, jasho linang'aa, meno yote nje.

Mama Tembo akasimama. "Nilituma mtu wa kuwaita," akasema. "Huyu amewaleta."

Akamkabidhi pembe. Digidigi akaushika ule ushanga mwekundu. Aliogopa, jamani, msione hivi. Aliogopa isije ikalia ule mlio wa mbuzi mbele ya watu. Akavuta pumzi, kifua kikajaa, kikajaa tena, akapuliza. Sauti ikatoka. Ikapanda mlima, ikashuka upande wa pili. Mama Tembo akafuta machozi kwa sikio lake, akasema, "Ni mama yake huyo. Namsikia."

Na sauti ile ndiyo iliyomwamsha Fisi. Alikuja uwanjani ngoma imekwisha anza, chungu kichwani, anagonga watu, anauliza mle ndani kwa sauti ya mwangwi, "Nimekuwa wa kwanza? Nimekuwa wa kwanza?" Watu walicheka mpaka ngoma ikapoteza mdundo.

Digidigi akamvua kile chungu. Fisi akatazama chini, tumbo limemtangulia, aibu imemjaa.

"Inua kichwa, kaka," akasema Digidigi. "Mtoni si mbali, ukanawe uso. Njoo nikusindikize."

Wakaenda wote wawili, polepole.

Basi wanangu, mafunzo ni haya. Mwili ulioulegeza kidogo kidogo hauwezi kuurudisha siku moja, si kwa kuunyima chakula wala kwa kuuua kwa mbio. Na usingoje kazi ziishe ndipo uanze, maana haziishi. Anza katika njia ile ile unayopita kila siku, kula cha shamba lako, na utafute wa kwenda naye.

Hadithi yangu imesimama, inaaga.

— Tuipakulie?

Msiipakulie, imeshiba!

— Sasa tuifanyeje?

Inukeni nyote, hata wewe wa kitumbua. Tuisindikize hadi mlangoni.