Bwawa la Kiboko Lajaribiwa

Paukwa.
Pakawa.
Palikauka.
Pakalowa.

Haya. Ninyi wa nyuma, kama mna maneno yenu, nendeni mkayamalizie nje. Sisemi mara mbili.

Ukame uliingia, likabaki bwawa moja, nalo la Kiboko. Akalizungushia ukuta, akatia lango la umeme. Mwenye kiu aombe maji kwenye tovuti. Kiboko akibonyeza Ruhusu, lango lifunguke. Ila tovuti mpya haianzi kabla ya kujaribiwa, kila kitufe. Akaitwa Pimbi wa mwambani, mwenye kompyuta.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jaribu vitufe vyote kabla jua halijatua. Ukishindwa, wewe na wanao hamwonji tone."

Kumbe Kiboko alitaka ashindwe. Akautafuna waya wa mtandao, kacha. Akabakiza ule wa tovuti na lango lake tu.

"Sasa akili utaazima wapi, kijukuu?"

Pimbi akasema, "Mzee, jaribio hufanywa kwenye mfano. Nipe kidimbwi na kilango chake, nijaribie humo."

"Kidimbwi? Wanao wakirambe? Sikupi. Jaribu kwenye bwawa langu lenyewe."

"Lenyewe, Mzee?"

"Lenyewe. Una masikio ya mapambo?"

"Sawa. Umesema mwenyewe."

Pimbi akaingia pangoni. Akili ya mashine yake haikukaa mbali, huko mtandaoni. Ilikaa mle mle, ndani ya kisanduku juu ya jiwe. Akaiambia kama unavyomwambia jirani: "Fungua tovuti. Jifanye mwenye kiu, kisha jifanye mwenye bwawa. Bonyeza kila kitufe, anzia juu."

Wanawe wakasogea, kiu ikawatoka kichwani. Mshale ulitembea kwenye kioo bila kidole cha yeyote. Ukasimama. Ukafikiri. Ukachagua. Herufi zikajiandika zenyewe: Swala naomba maji. Ko. Halafu, jamani, ikajifanya Kiboko: Ruhusu. Ko.

Huko bwawani lango likaitika: kwaa. Maji: bwaa.

Tembo naomba maji. Ko, kwaa, bwaa.
Pimbi naomba maji. Ko, kwaa, bwaa.

Yakateremka mitaroni, yakafika kwa Swala, yakafika kwa Tembo, yakalamba mlango wa pango. Watoto wakainama, wakanywa.

Kiboko akaja anahema, tope mpaka kifuani. "Pimbi, isimamishe hiyo."

"Kitufe cha Simamisha kiko chini kabisa, Mzee. Tutakifikia. Jua bado liko juu."

Walipokifikia, hapakuwa na cha kusimamisha.

"Vyote vinafanya kazi, Mzee," Pimbi akasema. "Hongera."

Mvua iliporudi, Kiboko hakutaka tena lango wala tovuti. Aliingia majini mwenyewe, akabakiza macho juu. Yuko humo mpaka leo, analinda.

Funzo ni hili, wanangu: mtiini mkubwa neno kwa neno. Pimbi alitii, akanywa.

Hadithi imekauka hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, nitaimeza mwenyewe.