Kwa Nini Mfarishi Huachwa Pembe Moja Wazi

Sogeeni, magoti yagusane. Wewe uliye kizingitini ingia ndani, uvute na mlango, ukungu usitufuate humu. Anayetafuna muwa ameze au ateme. Nataka kimya cha kusikia moto unavyopumua, maana habari hii ni ya sauti, na sauti hazipendi kusukumana.

Zamani, kabla bibi ya bibi yangu hajaota meno, huku milimani mifarishi ilikuwa ikisema. Mfarishi mnaujua, ile nguo nzito ya kujifunikia, vipande vya nguo kuukuu vimeungwa juu na chini, katikati pamba. Siku hizo vipande hivyo vilitoka kwenye nguo za waliotutoka, na sauti ya aliyeivaa nguo ilibaki ndani ya kipande chake. Ukijifunika asubuhi ya baridi ukatulia tuli, ulimsikia babu yako akikuambia uvute miguu, au shangazi aliyezikwa juzi akiuliza kama mbuzi wameshatolewa. Hakuna aliyeogopa. Watoto walilala na mababu zao mpaka masikioni.

Ila nguo haikukatwa ovyo. Mshonaji aliilaza mapajani, akaweka kiganja juu yake, akaita jina la mwenyewe mara tatu. Kisha alingoja. Nguo ikipata joto chini ya kiganja, mwenyewe ameridhia, lete mkasi. Ikibaki baridi, ilikunjwa na kurudishwa sandukuni, pengine kwa mwaka mzima. Ndiyo maana mfarishi mmoja ulikula misimu miwili ya baridi, na mshonaji alizeeka haraka kuliko mkasi wake.

Basi palikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa, mjane, mshonaji wa mkono mwepesi. Binti yake alikuwa mmoja tu, Mboni, mwimbaji, msichana ambaye hata akichuja togwa lazima aimbe. Mboni alichumbiwa. Harusi ilipangwa baada ya kuvuna maharage, lakini babu wa bwana harusi akaanza kuumwa kifua, na watu wa kwao wakaomba mambo yaharakishwe, siku tisa tu. Na huku kwetu bibi harusi hatoki kwao bila mfarishi. Jambo jingine, siku ya kutolewa wazee humuuliza mara tatu mbele ya watu, "Umeridhia?" Lazima ajibu mwenyewe, kwa sauti yake, asisemewe na mama wala mjomba. Asipojibu hata la tatu, wageni husimama, hukung'uta makalio na kwenda zao, na nyumba ile haitapiga tena hodi.

Siku hiyohiyo akapita Mzee Salehe, mchuuzi wa vifaa vya kushonea, na begi lake la ngozi. Nakijwa alikuwa kibarazani na wifi yake Sikudhani, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa ulimi mkali. Mchuuzi akatandaza vitu vipya wasivyowahi kuviona.

Kwanza akatoa subana ya shaba, ya kukinga kidole kisichomwe. Nakijwa akaivaa.

"He! Wifi, kidole kimevaa kofia," Sikudhani akasema. "Kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda kazini. Chako kimekaa tu puani."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Ikaja sindano iliyopinda kama kucha ya paka, nayo ilipita kwenye pamba bila kuvuta. Mwisho Mzee Salehe akatoa kisu cha duara, bamba jembamba la chuma lenye mpini, linaloviringika lenyewe ukilisukuma. Akapanga matambara manane, moja juu ya jingine, akapitisha kisu mara moja. Vipande vinane vikalala sawasawa, kona kwa kona.

Nakijwa akakunja vidole kimoja kimoja. Alikuwa anahesabu zile siku tisa.

"Jaribu," mchuuzi akasema. "Kizuri hicho. Lakini, mwanangu, mkasi huona nguo moja moja. Hiki hakioni, kinapita tu. Kuona ni kazi yako." Nakijwa akavinunua vyote vitatu.

Kesho yake ukungu ulishuka mzito, jua lisionekane hata alama. Mboni alikuwa jikoni akiimba. Nakijwa alifungua sanduku, akatoa nguo nane akazibebanisha ubaoni, pale kibarazani: kanga ya mama mkwe wake Bibi Chausiku, kanzu ya mumewe, koti la mjomba, na nyingine za wazee wao. Sanduku lilikuwa moja tu nyumbani, kwa hiyo humo humo mlikuwa na gauni dogo la Mboni, alilolivua alipotimiza miaka sita, mama akashindwa kulitupa. Likaingia katikati ya zile nguo, yeye asilione.

Laiti angeita majina! Angefika kwenye gauni lile, angeita, "Mboni," na jikoni angeitikiwa, "Abee, mama!" Hapo angeshtuka na kuliweka kando. Lakini majina manane mara tatu, na kungoja joto la kila moja, asubuhi nzima ingekwisha. Akasema moyoni, wananijua hawa, watanisamehe. Akasukuma kisu.

Kisu kilipofika katikati alihisi joto likimpanda mkononi, joto la kugusa shavu la mtu mwenye homa. Akadhani ni jua. Jua lenyewe halikuwapo.

Jikoni wimbo ukakatika katikati ya neno.

Nakijwa alitega sikio. Kimya. Kisha kapu la vipande lililokuwa miguuni pake likaumalizia wimbo ule, neno lililobaki na kibwagizo chake, kwa sauti ya Mboni.

Alikimbia jikoni. Mboni alikuwa amesimama na kichujio mkononi, togwa likimwagika miguuni. Kinywa kilikuwa wazi, ulimi unacheza, koo linapanda na kushuka, na hakikutoka hata kikohozi. Jikoni Mboni alipofumba kinywa, kibarazani kapu lilinyamaza.

Akamwita Sikudhani. Wifi alikuja na mizaha yake mdomoni, akasogeza sikio kapuni, mizaha ikafa. Humo ndani sauti zilikuwa zimechanganyika, kwa kuwa zilikatwa pamoja bila kuitwa. Bibi Chausiku alilalamika kwa sauti ya kitoto kwamba maharage yameungua. Mumewe Nakijwa alicheka kicheko cha kike.

"Umemkata pamoja na wafu, wifi," Sikudhani akanong'ona. "Viunge vipande vyote. Labda sauti zikishikana, yake itarudi."

Nakijwa alishona siku saba, subana kidoleni, na ile sindano ya kupinda ilikwenda kama maji. Mboni alikaa mbele yake akimpitishia uzi. Kadiri vipande vilivyoungana, sauti nazo zilitengana, kila mmoja akapata yake. Siku ya saba akafunga ukingo wa mwisho pande zote nne, imara, bila nafasi ya kupita kiroboto. Akauweka mfarishi magotini pa binti yake, akangoja.

Midomo ya Mboni haikutikisika. Sauti yake ikatoka chini ya pamba, iko wazi kabisa.

"Mama, nipo huku. Tuko wengi. Wananishika mkono."

Halafu Bibi Chausiku, kwa ukali wake wa siku zote: "Umetufungia kotekote, Nakijwa. Hatuna pa kutokea. Ukitoboa, hatoki mmoja, tunatoka sote, na tukitoka haturudi."

Nakijwa aliuelewa uzito wa maneno hayo. Mumewe alikuwa humo. Kila asubuhi kwa miaka minne alimsikiliza akimuuliza, "Umeamka, mama Mboni?" kutoka kwenye mfarishi wa zamani, mpaka kipande kile kilipochakaa kabisa. Kanzu ile aliyoikata ndiyo nguo yake ya mwisho. Hakuna nyingine iliyobaki.

Hakuamua. Siku mbili aliukalia mfarishi ule bila kuamua, na wageni wakafika.

Walikaa uani ndani ya ukungu, mabega kwa mabega. Mboni akaletwa, amefunikwa mfarishi wake mpya, mzuri kuliko yote iliyopata kushonwa huku. Babu wa bwana harusi akakohoa, akauliza:

"Mjukuu wangu, umeridhia?"

Midomo ya Mboni ikatikisika. Kimya.

"Umeridhia?"

Sauti ikaja kutoka begani kwake, kwenye pamba: "Nimeridhia, babu." Na nyuma yake sauti za watu wengine, wanaume kwa wanawake, zikarudia kwa pamoja: "Tumeridhia."

Wanawake walizivuta kanga zao. Mzee akasimama. "Sisi tulikuja kuoa mtu. Hatukuja kuoa nguo." Lakini alikuwa mtu wa haki, hakuondoka. Akavuta pumzi aulize la tatu.

Hapo Nakijwa akaruka. Akaikamata pembe ya mfarishi, akainamisha uso kwenye kitambaa cha kanzu, akasema neno moja ambalo hakuna aliyelisikia. Kisha akazikata nyuzi kwa meno.

Ulitoka upepo baridi. Uliwapita watu usoni mmoja mmoja, na kila uliyempita alisikia jina lake likitajwa na mtu aliyemzika. Sikudhani aliketi chini kama gunia. Ukungu ukafunguka njia nyembamba hadi kwenye ukuta wa nyumba, ukajifunga tena.

"Umeridhia?" mzee akauliza, machozi yakimtoka.

Mboni akakohoa. "Nimeridhia." Ilikuwa sauti yake, na kwa chini yake kulikuwa na ukali kidogo wa Bibi Chausiku, ambao haukumtoka mpaka kufa.

Wanawake walirudi makwao bila kuimba. Kila mmoja alichukua mfarishi wake, akausikiliza kwa mara ya mwisho, akafumua pembe moja, kwa kuwa sasa walijua kwamba waliomo ndani hushika mkono wa yeyote, hata aliye hai. Sikudhani ndiye aliyechelewa kuliko wote. Mfarishi wake ulikuwa na kipande cha mwanawe.

Na tangu siku hiyo mshonaji wa huku huita jina kabla ya kukata, hata kama nguo ni mpya kutoka dukani, naye huacha pembe moja wazi, upana wa vidole viwili. Nyenje walio ukutani walirithi maneno ya waliotoka, ndiyo maana husema sana na husikii wanasema nini. Wajukuu wa Mboni walirithi koo la ukali. Kisu cha duara kilibaki na washonaji, kinakata vizuri mpaka leo, hakina kosa. Mifarishi ilirithi kimya. Na baridi ilirithi mlango: ile inayokugusa kidole cha mguu asubuhi, hata ujifunike vipi. Vuta mguu, ulale. Pembe usiizibe.